Kinga Tupu

Kwetu Lubumbashi baiskeli ni kinga.
Dereva mmoja wa lori, mtu wa Mbeya,
aliwahi kucheka: kwao kinga ni kile
kinachozuia baya lisikufikie.
Nikamwambia, hii yangu haijazuia kitu.

Miaka kumi na moja natoka njia ya Kasenga
na magunia manne ya makala.
Sipandi. Nasukuma:
bega la kushoto kwenye gunia,
mkono wa kulia kwenye usukani,
macho kwenye gurudumu la mbele.
Jumapili ile wakaniambia, panda.
Makala yamebaki kwa Mama Kapya, Katuba,
na kinga yangu, tupu,
imekuwa mbuzi aliyekata kamba.

Saa kumi na mbili na nusu, mbele ya Posta,
fulana ya njano inanuka duka,
namba 1417 kifuani,
na mbele yangu magurudumu, magurudumu,
kama mji mzima umepelekwa kwa fundi.
Mwenye kipaza sauti akasema, "Haya, twende!"
Hatukwenda.
Watu elfu mbili hawaendi; hujikuna kwanza.
Usukani ukaniingia mbavuni,
pedali ya mtu ikanila shavu la mguu,
mwanafunzi akamwomba radhi mtawa,
mtawa, sketi kaibana kwa pini, akacheka,
na daktari mwenye kofia ngumu akaniuliza
kinga yangu ina vitesi ngapi.
"Viwili," nikamjibu. "Njaa na mteremko."

Kwenye tuneli, chini ya reli,
mmoja akapiga kengele, wa pili akaitika,
giza lote likawa kengele.
Mimi sina kengele.
Nikapiga mluzi, ule wa alfajiri,
wa kuyaonya malori,
na nyuma yangu mluzi ukajibiwa.
Na kushoto. Na mbele kabisa.
Kumbe wenzangu walikuwepo!
Ndani ya njano sikuwatambua,
tulifanana na wenye magari.

Kamalondo watoto walitukimbilia pembeni.
Kenya, mama mmoja alisimama na mwiko wa bukari
akitupungia kama anafukuza nzi.
Hapo, penye lami nzuri kuliko zote,
nikaanza kuyumba.
Wepesi haunijui.
"Papa, shika upande wako!" wakapiga kelele.
Upande wangu ni upi,
bila gunia la kunionyesha?

Kando ya njia alikuwa mtoto, Monga,
fulana inamfika magotini.
Tairi lilipasuka, gari la mafundi
likabeba kinga yake, likamsahau yeye.
"Keti nyuma," nikasema.
Akaketi.
Na kinga ikatulia.

Tukalipita lile bomba refu la moshi,
mlima mweusi wa mabaki ya shaba umelala chini yake,
ndipo akauliza, mdomo karibu na mgongo wangu:
"Papa, hizi mbio ni za nini?"
Nikamwambia: mashine.
Ya kuwapa joto waliozaliwa kabla ya siku zao.
"Kwani zamani walikuwa wanapewaje?"

Wangu wa tatu alikaa siku tisa
katika katoni ya sabuni,
chupa za maji moto ubavuni.
Usiku nilikuwa napuliza makala yangu mwenyewe,
kidogo, yasizime,
kidogo, yasimchome.

"Akapona?"

"Inua miguu. Kuna shimo."

Uani kwa hospitali walitangaza hesabu,
franka nyingi, sikusikia ngapi,
watu walikuwa wanagombania maji.
Monga aliposhuka, kaptula yake
ilikuwa na mistari miwili myeusi
ya miaka yangu kumi na moja.
"Mama atanipiga," akasema, akijigeuza ajione,
na hakuonekana kuogopa.

Jumatatu niliikunja ile fulana mara nne,
nikaiweka begani, la kushoto,
pale gunia linapokaa.
Inasaidia.
Namba imeanza kufutika kwa jasho:
moja bado ipo, nne bado ipo.