Spana Namba Kumi

Ilipotea Jumamosi moja ya Machi,
chini ya mvua ya Blaenau ambayo hainyeshi, inakaa tu,
kama mgeni asiyetazama saa.
Nilikuwa nimelala juu ya katoni, gari limepanda stendi,
nati tatu zimelegea, ya nne nikanyoosha mkono:
hola.

Ya nane ipo. Ya kumi na mbili ipo.
Ya kumi na saba, ambayo sijapata kuitumia,
ipo inang'aa kama bibi harusi aliyesuswa.
Kumi tu.
Nilipekua ndoo ya nati, mifuko ya ovaroli,
nikamshuku hata paka wa Nesta.

Siku za kazi nahesabu vidonge,
viwili asubuhi, kimoja usiku, baada ya chakula.
Wazee wa machimbo ya mawe hukohoa mbele ya kaunta
huku wakitazama kucha zangu.
"Eurwen, hiyo ni oili?"
"Ni oili, Bwana Gethin. Meza na maji mengi."
Dozi ni dozi: bolti ya gurudumu nayo ina kipimo chake,
ukizidisha inakatika, ukipunguza inakuzika.

Gari lenyewe: viti viwili, jekundu lililopauka,
taa zinazoinuka kama macho ya chura anayesikia jina lake.
Lina umri wa mpwa wangu, na lina adabu kumshinda.
Nililinunua kwa mjane wa Porthmadog
kutu imelila kingo zote mbili za milango,
buti lina bwawa, turubai lina tundu.
Nilikata, nikachomelea, nikapaka rangi,
nikakata tena nilipochomelea vibaya.

Kisha mlio.
Kti. Kti-kti. Upande wa dereva,
kwenye kona tu, na kwenye kona za kulia tu.

Nikasema ni shokapu. Nikabadilisha shokapu,
nikaweka za mashindano, ngumu kama kitanda cha jela.
Kti.
Nikasema ni springi. Nikaweka fupi, gari likashuka vidole vitatu,
likaanza kulamba kila tuta la barabarani
na kuacha nusu ya ekzosi mbele ya kanisa.
Kti-kti.
Bushi, fito, beringi, mikono ya chini, mikono ya juu.
Mshahara wa Novemba. Mshahara wa Desemba.
Nesta akauliza kwa upole, mlangoni, kikombe mkononi,
kama gari hili lina sehemu yoyote lililozaliwa nayo.
Nikafikiri. Nikamwambia: honi.

Miaka minne.
Spana namba kumi nimenunua saba,
nne zimekwenda kumfuata dada yao.

Jana nimefungua plastiki iliyo chini ya waipa,
nikitafuta majani yanayoziba maji.
Majani yalikuwapo. Na juu ya ubao wa chuma,
imejilaza ubavu, imevaa kutu kama sweta,
yeye.
Pale alipolala amejichimbia mfereji mdogo,
rangi imekwisha, chuma kinametameka:
kila kona ya kulia ya miaka minne imeandikwa hapo.

Sikucheka. Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye tairi,
nikajumlisha shokapu na springi na mshahara wa Desemba,
na ile safari ya Bala niliyoahirisha kwa ajili ya bushi.
Halafu nikacheka hadi Nesta akashuka ngazi.

Jioni tulilipandisha mlimani, turubai chini, shali shingoni,
magome ya mawe meusi pande zote, kondoo wakitutazama
kama wakaguzi wa leseni.
Kona ya kulia. Kimya.
Kona nyingine. Kimya.
Lilikata barabara kama mkasi katika kitambaa kipya,
springi zote, shokapu zote, pesa zote zile
zikifanya kazi ambayo hakuna aliyeziomba.
Nesta akafumba macho. "Sasa limepona," akasema.

Nami nikaitikia, nikabadili gia,
na ndani ya kimya kile, mbali, upande wa kushoto,
kitu kidogo sana
kikasema tiki.