Mkono Ule

Vancouver, mvua ya Novemba, zamu ya saa sita usiku.
Nje mierezi inadondosha maji juu ya paa la zege;
ndani sisi wawili, Gurleen na mimi,
na mkate wa mayai ulionyauka pembe.

Myuoni hasi huja kwa bomba kutoka chumba cha pili,
wepesi, wengi, hawabishi hodi.
Huzama katika kipande cha kaboni kisichozidi kiganja
na humo husimama, wakizunguka kama pia za watoto.
Kisha hufa.
Chukua sekunde moja, ikate vipande milioni:
umri wao ni vipande viwili na ushee.
Neno "umri" lenyewe ni refu kuliko huo.

Kinachowaua kinaitwa nguvu dhaifu.
Nilicheka siku ya kwanza kuisikia.
Dhaifu gani huyu, anayevunja
ambacho umeme na sumaku havikuweza?
Huacha elektroni mmoja, tunayemdaka,
na nyutrino wawili, ambao hapana:
wamekwishapita ukuta, mwerezi, mlima,
bila kulowa.

Lakini nilitaka kusema habari ya mkono.

Kunja vidole vya kushoto, vifuate mzunguko wa pia;
dole gumba litakuonyesha
elektroni anapopenda kutokea.
Si kila mara. Mara chache tu zaidi ya nusu:
elfu moja na arobaini huku,
mia tisa na sitini kule.
Mweke mbele ya kioo, na yule wa ndani ya kioo
hutampata popote.
Maumbile yana mkono, na ni huu
ambao shangazi Mwanakheri aliufunga kwa upindo wa leso
kwenye mguu wa meza, kila mlo, mwaka mzima,
hadi nikajua kwamba kulia ndiko kwa kulia,
na nikalia,
na lugha ikanicheka kwa neno lile lile.

Jumanne hesabu ziligeuka.
Arobaini zikahamia upande wa pili.
Gurleen aliweka kikombe chini polepole,
kama anayeogopa kuamsha mtoto.
"Ama tumepata kitu, ama tumekosea kitu."
Sote tulijua ni lipi. Ila kwa dakika kumi
tuliliacha lile la kwanza likae nasi,
tukalipisha kiti.

Kisha nikaingia chini ya sumaku, tochi mdomoni.
Vibao vya plastiki, vimeviringwa utepe mweusi
visivujiwe na mwanga wowote isipokuwa wao wenyewe.
Nyaya mbili. Lebo mbili. Mwandiko wangu:
KULIA. KUSHOTO.
Niliziandika nikiwa nyuma ya mtambo,
uso kwa uso nao,
kulia kwangu kushoto kwake.
Mwenye kosa hakuwa mbali.

Kulia kwa nani? Hilo ni swali la watu.
Myuoni haulizi umesimama wapi.
Kama ng'ambo ya nyota yuko mtu asiyeiona mikono yetu,
naweza kumwelekeza kushoto ni upi,
mradi ana kaboni kama yetu, na subira.
Shangazi, kwa simu, wiki iliyopita,
nilishindwa kumwelekeza swichi ya jiko lake jipya.
"Kushoto," nikamwambia.
"Huko sigusi," akasema, tukacheka wote,
yeye zaidi.

Lebo nimebandua, nimebandika upya.
Saa kumi na moja na robo, alfajiri isiyo na dalili ya alfajiri,
nikaandika katika daftari la zamu:
Nyaya zilipishana. Kosa langu. Hesabu ni za kawaida.
Niliandika kwa mkono ule,
na kama siku zote kiganja kikaburuta wino,
"kosa" likafutika nusu.
Gurleen akauliza kama aliandike upya, lisomeke.
Nikamwambia liache.