Sakafu ya Sahani

Tiketi elfu mbili. Risiti imeandikwa kwa mkono,
kalamu imefungwa uzi isije ikaondoka na mgeni.
"Vua viatu," anasema Kalunde, mtunza jumba,
"humu hata mtemi alikuwa akivua."
Sijui kama ni kweli. Navua.

Nimetoka Tabora mjini na vumbi la barabara ya Sikonge
kwenye kope, mdomoni, kwenye mfuko wa shati.
Kwa nje hii kwikulu ni tembe tu lililokonda,
kuta za udongo, mlango wa kuinamia.
Ndani kuna ubaridi wa mtungi.

Kuna kigoda cha mninga kilichopasuka,
kimeshonwa kwa waya wa shaba kama kidonda.
Kuna ngoma isiyo na ngozi.
Kuna saa ya ukutani iliyokuja kichwani mwa mtu kutoka pwani,
ikafika imekufa, ikatundikwa hivyo hivyo,
maana heshima ya saa haikuwa kujua ni saa ngapi.

Lakini mimi nimekuja kwa ajili ya sakafu.

Kwetu Ndala hadithi ni moja na haina pambo:
babu wa babu yangu, Mihayo, alikuwa mpagazi.
Alibeba kasha la vyombo, ratili sabini,
kutoka Bagamoyo, miezi mitatu kasoro siku chache,
akalitua hapa barazani, wakahesabu sahani:
kumi na moja.
Ya kumi na mbili iko wapi?
Imevunjikia Wembere, kwenye tope.
Vigae viko wapi?
Kimya.
Wakamnyima ujira, wakampa jina.
Jina lile lilitutangulia sokoni,
liliketi mkekani siku ya posa ya shangazi Nyamizi,
likala na wageni, likabaki walipoondoka.
Kiangazi kilichofuata Mihayo alipotea nyumbani.
Aliporudi hakusema alikuwa wapi,
na mwizi, nani amuulize?

Kalunde anainamisha ndoo.
"Hii haitazamwi kavu."
Maji yanatambaa, na nyuma yake rangi zinaamka:
buluu, buluu, waridi lililokatwa shingo,
nusu ya ndege, bawa la ndege mwingine,
ukingo wa dhahabu mwembamba kama kucha ya mtoto mchanga,
vyombo vilivyovunjika njia nzima
vimepandwa hapa kwa chokaa, duara ndani ya duara.
Palipong'oka, Kalunde amejaza vizibo vya soda.
"Watoto wa shule wanadokoa," anasema bila hasira.
"Navyo vizibo vinang'aa."

Nani alivileta vigae?

"Wapagazi. Mwenye ujasiri alileta mchana.
Mwenye aibu alikuja usiku.
Bibi yangu alisema fundi akiamka hukuta kigae kizingitini,
kimefungwa kwenye jani, na nyayo za mtu aliyekwisha ondoka."

Kabatini, nyuma ya kioo chenye ufa,
zimebaki sahani nne za kasha moja:
pete ya kijani, na ndani yake jogoo mwekundu.
Napiga magoti, suruali inalowa.
Natafuta kama mtu aliyeangusha shilingi.
Karibu na kizingiti, chini ya kivuli cha bawaba,
kipo: kijani kilichopinda, na ukucha mwekundu.
Ukucha tu. Jogoo hayupo.
Chaweza kuwa cha Mihayo.
Chaweza kuwa cha yeyote aliyejikwaa.
Nakiwekea kidole, na Kalunde,
ambaye kazi yake ni kukataza,
anageuka kuitazama saa iliyokufa.

Sakafu inakauka kuanzia pembeni.
Rangi zinarudi udongoni moja moja.

Mezani kuna daftari la wageni:
Jina. Utokako. Kazi. Maoni.
Juu yangu mtu ameandika: Choo hakina mlango.
Naandika jina langu, na la Mihayo mbele yake.
Naandika Ndala.
Kwenye kazi naandika mpagazi, nakata, naandika karani.
Kwenye maoni kalamu inagoma, naikuna kwenye kiganja,
kisha inakubali:

Kumi na mbili.