Matone ya Shaba

Jumatatu nilimkuta kitatange
akijikuna ubavu kwenye jiwe
kama mbuzi kwenye nguzo ya uzio.
Sikutaka kuona. Nikapangusa kioo,
nikapanga viti vya wagonjwa wa meno,
nikarudi. Chembe nyeupe kwenye mapezi,
kumi na moja, nilizihesabu,
kama mtu amemnyunyizia chumvi tayari kwa kikaango.

Chumvi! Hapa Lubumbashi bahari huja kwa gunia,
imepita Kasumbalesa, imelipiwa ushuru,
nami huikoroga kwenye pipa kwa mwiko wa bukari
hadi kipimo kielee pale Daktari Numbi alipochora mstari.
Bahari yote ninayoijua ina lita mia tatu
na soketi moja ya umeme.

Daktari akaja na glovu zake, akainama.
"Dawa yake ni shaba."
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Shaba, Daktari?
Baba yangu, Monga wa tanuruni,
aliipumua miaka ishirini na sita.
Jioni alirudi na utamu wa madini mdomoni,
hata sahani ya bukari aliisukuma kando:
"Ina ladha ya kazi."
Usiku alikohoa hadi kuku wa jirani wakaamka.
Bomba lile refu la moshi bado limesimama,
kando yake kilima cheusi cha masazo;
unaviona vyote viwili kutoka dirisha hili
asubuhi, kabla vumbi halijaamka.
Na sasa unanipa kichupa,
buluu kama anga la mwezi wa sita,
uniambie hii inaponya?

"Ni kipimo tu," akasema. "Tone kwa tone."

Basi. Beseni la karantini, pampu,
kipande cha bomba la plastiki
yeye na wenzake wawili wapate pa kuficha aibu.
Tone. Subiri. Pima. Tone.
Mdudu akiwa ndani ya ngozi, dawa haimgusi.
Lazima adondoke, alale chini, azae,
watoto wake watoke kutafuta mwili mwingine,
hapo ndipo shaba huwakamata,
njiani, kama askari wa bariyeri.
Kwa hiyo madoa yakitoweka usipige vigelegele.
Yangu yalirudi siku ya tano.

Siku ya tisa umeme ulikatika usiku kucha.
Nikakaa sakafuni na kikombe:
chota, inua, mwaga, ili maji yapate pumzi,
mkono ukifa ganzi nabadilisha mkono.
Nilimsikia baba katika ile sauti ya maji.
Sijui kwa nini.

Na konokono (hili sikumwambia Daktari)
alikuwa amejibana ndani ya kile kipande cha bomba,
nikamhamisha naye bila kujua.
Shaba ile ile.
Asubuhi mwili ulikuwa unaning'inia nje ya gamba.
Nikamzika kwenye chungu cha maua, mapokezi.

Tangi kubwa limekaa tupu wiki ya kumi na moja,
taa inamulika mawe.
Wagonjwa wanauliza, wameshika mashavu:
"Samaki wako wapi?"
"Wamelazwa," nasema.

Leo kitatange amekula uduvi kidoleni mwangu.
Mapezi safi. Nimehesabu mara mbili.
Halafu nikakinusa kidole:
chumvi, samaki,
na nyuma yake, mbali kabisa,
ule utamu.