Kurasa Nane za Mwisho

Taa ziliporudi hakuna aliyeinuka upesi.
Bisi zilikuwa zimetapakaa ngazini kama mvua ya mawe,
na mwanafunzi mmoja, sare bado mwilini, akasema kwa sauti:
"Mvua wameiondoa! Sura tatu nzima za mvua!"
"Mvua ungeitazama mpaka saa ngapi?" akajibiwa kutoka nyuma.
"Nenda Mukuru mwezi wa nne, hulipi kiingilio."
Tukacheka, maana ilikuwa kweli.
Hata yeye akacheka, kisha akakumbuka kununa.

Bi Jeruto, miaka thelathini askari wa misitu,
alikuwa na kesi yake na miti.
"Ule si mwitu. Ile ni mikaratusi,
imepandwa kwa kamba, imesimama kama gwaride,
na mbega gani huyo anayekula chini
kama mgeni wa harusi?"

Kwamboka alilia pale mtoto alipoachwa mtoni,
akaona haya, akasingizia pilipili ya karanga.
Wa kulia kwangu alitaka chui zaidi.
Wa kushoto alisema chui mwenyewe hana uzito:
anakanyaga jani, na jani halina habari.

Mimi nilikuwa nimeshapiga kelele kabla yao wote.
Pale mwisho, msichana anapotoka msituni,
anapanda lori, hageuki,
nilisimama, mimi mtu mzima, karani wa ardhi,
nikasema, "Sivyo!"
Ukumbi mzima ukanigeukia.

Sivyo. Anarudi.
Anarudi usiku na taa ya chemli,
anamkuta nyanya yake amelala mlangoni pa pango,
anamfunika,
na msitu uliokuwa umenyamaza tangu sura ya tano
unaanza kusema tena, kiumbe kwa kiumbe,
wa kwanza chura.

Ndivyo alivyotusomea baba, Bahati, chumba kimoja,
stima imekatwa, mshumaa umesimikwa kwenye chupa ya soda,
sisi wanne chini ya blanketi moja, Julai.
Kidole chake kilifuata mstari.
Nakumbuka kilifuata mstari.
Tulimwomba mwisho ule kila usiku,
naye akatupa, bila kuchoka,
na chura akimfanya kwa koo lake mwenyewe.

Kesho yake nikapita kwa Musyimi,
yule anayetandaza vitabu juu ya gunia karibu na Tom Mboya.
Alikuwa na nakala moja, jalada limeliwa na jua.
Nikaisomea papo hapo, watu wakinipiga vikumbo.
Ukurasa wa mia mbili na tatu: lori.
Wa mia mbili na kumi: hageuki.
Hapana nyanya, hapana chemli.
Nikapekua hata karatasi tupu za nyuma
kumtafuta chura.

Nikampigia Nekesa.
"Kitabu cha baba bado unacho?"
Nikasikia kabati likilalama, kisha karatasi.
"Kinaishia mia mbili na mbili," akasema.
"Panya?"
"Si panya. Makali yamenyooka."
Akanyamaza.
"Ni wembe huu. Wembe wa kunyolea."

Kitabu alikinunua mwaka ule ule
mama alipokwenda Kitale, siku mbili tu, alisema,
na begi la kijani.
Hatukulitaja hilo. Tuliulizana bei ya unga,
tukaagana.

Alhamisi nikarudi sinema, siku ya nusu bei.
Walikuwepo wengine, na wengine wakalalamika:
muziki umezidi, msichana ni mrefu mno,
kwenye kitabu mbwa hakufa.
Sikubishana na mtu.
Lori likaondoka, vumbi likajaa kioo,
majina yakapanda, yakapanda, yakaisha,
wakatoka wote,
akaingia kijana wa kufagia.
"Imekwisha, mama," akaniambia kwa upole,
ufagio umesimama kando ya kiti changu.
"Bado," nikamwambia.
"Fagia kwanza kule mbele."