Tundu la Inchi Kumi na Nne

Miaka thelathini na moja Mwarandu aliendesha basi,
Mombasa, Malaba, Malaba, Mombasa,
akilala kiti cha nyuma kama mzigo usio na mwenyewe.
Alipostaafu, kampuni ikalipiga mnada basi lile lile,
naye akalinunua kwa kiinua mgongo chake.
Wanawe wakacheka: mtu hutoka jela, hainunui.

Sasa limeegeshwa uani kwangu, Shimanzi.
Viti vimeng'olewa. Kuna kitanda, jiko la meko mbili,
leso mbili zimefanywa pazia.
Mkewe, Nyamvula, ana sharti moja: baridi.
"Nimekaanga Mikindani chini ya mabati, nikingoja mtu,
wala sijafika hata Mariakani.
Kama sasa ni kuchukuliwa, nichukuliwe
kama samaki wa kiwandani. Ndani ya barafu."

Nikapanda juu saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
kabla paa halijageuka kikaango.
Chaki. Rula. Kona nne.
Kumi na nne kwa kumi na nne.
Kutoboa paa zima lisilovuja
ni kumpasua mtu asiyeumwa:
mkono hutaka radhi kwanza.
Mwarandu alivuka barabara, akasimama kwenye malori ya mafuta,
akiisikiliza mashine ya kukatia
kama anayengoja nje ya wadi.

Nikamwambia Shee, mwanafunzi wangu:
fremu ya mbao itangulie, kati ya paa na dari,
la sivyo ukikaza, bati litabonyea,
na maji hupenda bonde.
Gasketi iache kavu. Silikoni usiipake,
yataka kubanwa, haitaki gundi.
Kaza nati hii, kisha ile ya pembe ya pili,
robo, robo,
mpaka sponji ibaki nusu ya unene wake.
Ukizidisha umeua. Ukipunguza umeua.
"Nitajuaje, fundi?"
Sikumjibu. Mimi hujua kwa kiwiko.

Matundu ya zamani, palipokuwa na keria ya mizigo,
tuliyaziba moja moja kwa utepe wa lami,
juu yake silikoni, nikailainisha
kwa kidole kilichochovywa maji ya sabuni.
Skrubu zote za chuma kisichoshika kutu:
chumvi ya mji huu haibishi hodi.

Tukawasha. Nyamvula akaketi, miguu juu ya ndoo,
akanyamaza kitambo kirefu.
Kisha: "Fungeni mlango. Mnatoa."

Mvua ikaja usiku huo, ile ya Mei, isiyo na adabu.
Saa nane simu ikalia. "Fundi, linavuja."
Nilitoka Makupa kwa boda, nimelowa hadi mifukoni.
Bakuli sakafuni.
Ndo. Ndo. Ndo.
Mume ameshika tochi, mke ameshika kiuno,
hawatazamani.

Nikalala kifudifudi juu ya paa, katika ile mvua,
nikapapasa ukingo wote, kona kwa kona.
Kukavu chini ya mdomo. Kukavu.
Nikashuka, nikachovya kidole bakulini, nikaonja.
Mvua ingeshuka na vumbi la saruji na rangi ya basi.
Haya yalikuwa matupu, hayana habari.
"Si mvua. Ni jasho la mashine.
Basi limeinamisha kichwa, maji yanakuja mbele
badala ya kutokea kwenye tundu lake.
Lirudishe nyuma, tairi za mbele zipande kokoto."

Mwarandu akaketi kwenye usukani.
Tangu mnada hakuwa ameugusa, lilikuja kwa kuvutwa.
Injini ikakohoa, ikakubali.
Nyuma, taratibu, kokoto zikasagika.
Ndo.
Ndo.
Tukangoja ya tatu.

Hakuzima. Mikono ilibaki pale pale.
Nyamvula akamwaga bakuli nje, akarudi,
akaketi kando yake, kiti cha utingo.
"Maadamu umeshaliwasha," akasema.

Nikaenda kufungua geti.
Sanduku langu la spana lilikuwa bado ndani.