Dhiraa ya Nani

Mghendi alikuja kupunguziwa suruali, inchi moja na nusu.
Aliondoka saa nane mchana bila suruali,
na kaki yangu, wari tatu, ya sare za mabawabu wa benki,
imechorwa mji.

Chanzo ni kalenda ya duka la mabati:
kuba la dhahabu, mbingu ya buluu kupita kiasi.
"Sipo hapo," akasema, miwani puani.
"Hekalu la Suleimani lilikuwa chini zaidi,
kusini, juu ya chemchemi.
Damu ya mafahali wote wale
ungeiosha na nini kileleni? Kwa kata?"
Miaka thelathini na moja alipima viwanja,
Mtwapa hadi Lunga Lunga;
haamini jengo lisilo na maji.

Famau, muuza leso wa mlango wa pili, kasikia.
Famau husikia hata uzi ukikatika.
"Maji huletwa, bwana. Mifereji ilikuwepo.
Na mwamba je?
Watu watasahau jina la mfalme, watasahau deni,
mwamba hawausahau."

Wakachukua chaki yangu bila kuomba.
Kibiringo cha uzi mweusi kikawa mwamba,
subana ikawa chemchemi,
pini za vichwa vyekundu zikawa kuta.
Kadzo, aliyengoja joho la kwaya,
akazing'oa pini akazipeleka kaskazini:
lango la mashariki, lile lililozibwa kwa mawe,
lazima litazamane na mlango wa nyumba yenyewe,
mwalimu wao alionyesha kwa rula.

Dhiraa sitini urefu, ishirini upana.
Hapo walikubaliana, kwa muda wa kumeza mate.
Kisha: dhiraa ya nani?
Kiwiko cha Mghendi hadi ncha ya kidole,
inchi ishirini na moja, nilipima mwenyewe.
Cha Famau, kumi na saba na robo.
Kwa mkono wa huyu nyumba inaenea,
kwa mkono wa yule inapungua futi kumi na nane na ushei.
Na mkono wa mfalme?
Fundi wake hakuacha daftari.

Mimi nilinyamaza. Nina kesi yangu.

Kibokoni, palipokuwa nyumba yetu, huegeshwa magari.
Kaka yangu Bwanakheri hushikilia
kwamba jiko la mama lilikuwa penye nguzo ya taa.
Lilikuwa pale mlinzi anapoweka kiti.
Miaka kumi na minne tu!
Wala hatukuchomewa na Warumi,
tuliuza, kwa hundi.
Tulikwenda na futi hii hii ya shingoni mwangu
tukashindwa kuafikiana tuanzie wapi:
kisima kimefukiwa, mlango wa jirani umehamishwa,
hata kichochoro kimenyooshwa kikawa si chenyewe.
Basi siku ya hitma yeye akasimama kwenye nguzo,
mimi kwenye kiti, mlinzi kaniinukia,
Fatiha moja, mahali pawili.
Na wallahi nilisikia harufu ya mahamri.
Bwanakheri naye akaapa kaisikia,
kwake.

Adhana ya adhuhuri ilipoadhiniwa
Famau akaondoka katikati ya sentensi,
akaelekea anakoelekea siku zote, bila futi.
Wawili waliobaki wakaendelea kwa sauti ya chini,
kama watu wanaogawana urithi wa mtu asiyekufa bado.

Jioni nikapiga brashi. Chaki ilitoka, haikutoka.
Kaki ni kaki, na bawabu haulizi. Nikakata.
Huenda usiku huu kuna mtu Barabara ya Nkrumah,
rungu kwapani, mbu masikioni,
mguu wa kushoto kwa ndani ana mwamba,
wa kulia ana chemchemi,
na anapochoka hubadilisha mguu wa kusimamia.

Suruali ya Mghendi ingali msumarini.
Kasema kesho atarudi na ramani.
Inchi moja na nusu.
Hiyo sina shaka nayo.